Kushea folda ofisini kwa komandi, Windows na Ubuntu, bila flashi na bila kula data

Kama ofisi yako iko na kompyuta mbili ama zaidi na zote ziko kwa raota moja, basi hakuna sababu ya kuendelea kubeba kazi kwa flashi. Naandika hii nikifikiria duka za printing za Nasser Road pale Kampala, stationery za karibu na vyuo, ofisi za SACCO, shule, mahali popote faili moja inapita mikono ya watu watatu kabla kazi iishe. Flashi inachelewesha, inabeba ile virusi ya kuficha folda zako na kukuachia shortcut tupu, na mbaya zaidi inazalisha kopi, kila mashine inabaki na yake na mwishowe hakuna anayejua ni ipi mteja aliikubali. Folda moja ya kushea inamaliza hiyo yote, na unaeza kuiweka leo leo na kompyuta mlizo nazo.

Swali la kwanza la watu huwa ni kama itakula data. Haili. Faili ikitoka kwa mashine ya dizaina kwenda kwa ile ya kuprinti inapita kwa kebo ama wifi hadi kwa raota, inaingia mashine ya pili, imeishia hapo ndani ya jengo. MB zikiisha, hata laini ikitolewa kabisa kwa raota, folda inaendelea kufungua. Data utaihitaji mara moja tu kama unatumia Ubuntu (aina ya Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows), ya kudaunlodi programu yenyewe.

Na kwa nini komandi wakati kuna menyu za kubofya? Sababu menyu zinahama. Windows 7 ziko hapa, Windows 10 zimeenda pale, Windows 11 zimefichwa tena, lakini komandi ya kushea, `net share`, ni ile ile kwa zote. Alafu komandi unaeza kuziweka kwa faili ya maandishi, mwaka kesho mashine ikifa unazipesti upya kwa ingine na ofisi inarudi kazini. Hata ukiwa Kampala na tawi lenu liko Kasese, unamtumia mtu wa huko kwa WhatsApp, anapesti, anakutumia picha ya majibu. Kumweleza mtu menyu kwa simu ni kazi ya jasho.

Chagua mashine itakayobeba folda

Mashine yenye folda ndiyo seva yenu, haijalishi ni desktop ya kawaida. Chagua ile haizimwi zimwi, yenye nafasi kwa disk, na iko na UPS. Laptop yenye betri nzuri pia inafaa sana kwa hali yetu ya stima, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya mtu kusevu faili kubwa, ile faili inaeza kuharibika na haitafunguka tena. Raota na swichi nazo ziwe kwa UPS hiyo hiyo, maana seva ikibaki hai na raota imezima bado mmekatika.

Seva iunganishe kwa kebo, usiiache kwa wifi. Na hapa angalia kitu ambacho watu wengi hawaangalii: swichi ama raota ya 100 Mbps inabeba kama MB 11 kwa sekunde, kwa hiyo kazi ya GB 2 itakaa karibu dakika tatu. Ya gigabiti (1000 Mbps) inamaliza kwa sekunde ishirini na kitu kama disk yenyewe iko fasta. Saa ingine raota ni ya gigabiti lakini kebo imekrimpiwa vibaya. Gigabiti inataka waya zote nane ziguse, mmoja ukilegea mashine inaeza kushuka kimya kimya hadi 100 na hakuna meseji yoyote utaona. Ukiona folda inavuta vuta, badilisha kebo kabla ya kulaumu kompyuta.

Alafu seva iwe na IP moja isiyobadilika, yaani namba ya mashine ndani ya netiwaki. Njia nzuri ni kuingia kwa raota na kuifungia IP kwa hiyo mashine, lakini kama huna paswadi ya raota, kwa Windows fungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la komandi) kama administrator na uandike:

```
ipconfig
netsh interface ip set address name="Ethernet" static 192.168.1.10 255.255.255.0 192.168.1.1
netsh interface ip set dns name="Ethernet" static 192.168.1.1
```

Hapo weka namba za kwenu, `ipconfig` ndiyo itakuonyesha raota yenu inaanza na nini, zingine ni 192.168.0, zingine 192.168.8. Na hakikisha hiyo namba unayochagua hakuna simu ama mashine ingine imeishika. Kwa mwongozo huu wote seva yetu ni 192.168.1.10 na jina lake ni SEVA.

Kama seva ni Windows

Tengeneza folda na yuza. Kila mtu apate yuza yake, tafadhali. Mimi nimetumia majina ya kazi, dizaina1, dizaina2, kaunta, we weka ya watu wenu.

```
mkdir D:\Kazi
net user dizaina1 * /add
net user dizaina2 * /add
net user kaunta * /add
net localgroup wadizaina /add
net localgroup wadizaina dizaina1 dizaina2 /add
```

Ile nyota inafanya kompyuta ikuulize paswadi bila kuionyesha kwa skrini. Usiache paswadi tupu, Windows kwa kawaida hairuhusu yuza asiye na paswadi kuingia kupitia netiwaki, utapata error 1327 na utazunguka hapo siku nzima.

Sasa kuna hii moja inaumiza ofisi nyingi sana. Windows iko na umri wa paswadi, na kwa mashine ya kawaida ni siku 42. Yuza uliyemtengeneza kwa `net user`, siku 42 zikifika paswadi yake inaisha muda, na kwa kuwa yeye hakai mbele ya seva haoni ile skrini ya kumwambia abadilishe. Anachoona ni folda imekataa tu, asubuhi, mteja amesimama, na jana jioni ilikuwa sawa. Watu wanaformati kompyuta kwa ajili ya hii. Angalia na uondoe:

```
net accounts
net accounts /maxpwage:unlimited
```

Ya kwanza inakuonyesha hali ilivyo, ya pili inaondoa huo umri. Ifanye mapema, usingoje ikukute.

Sasa kushea kwenyewe ni mstari mmoja:

```
net share Kazi=D:\Kazi /grant:wadizaina,CHANGE /grant:kaunta,READ
```

Wadizaina wanaeza kuandika na kufuta, kaunta anasoma na kukopi tu. Lakini usisimame hapo, sababu bado kuna ruhusa za disk yenyewe.

Ruhusa ziko mara mbili, hapa ndipo watu wengi wanapotelea

Ukishea folda Windows inaangalia ruhusa za aina mbili. Ya kwanza ni ya share, ile umeweka na `net share`. Ya pili ni ya folda ndani ya disk, inaitwa NTFS. Chukulia kama nyumba yenye geti na mlango: askari wa geti akikuruhusu na mlango umefungwa, huingii, na mlango ukiwa wazi na geti limefungwa, pia huingii. Kompyuta inapima zote mbili alafu inakupa ile ndogo. Ukiweka CHANGE kwa share na NTFS inasema kusoma tu, mtu atasoma tu, hata ukirudia `net share` mara mia.

Kwa kuwa hawajui hii, watu wakikataliwa wanakimbilia kuweka Everyone na FULL kila mahali. Inafungua, ni kweli, na kwa hiyo wanaona wamemaliza. Lakini sasa fikiria ni nini kiko kwa hiyo folda. Kwa stationery ni skani za vitambulisho vya taifa za watu, pasipoti, vyeti vya shule, barua za mkopo zenye namba ya simu na sahihi. Kwa SACCO ni akiba za wanachama. Wakizima na kuulizwa paswadi pia, mtu yeyote aliyepewa paswadi ya wifi akingoja kazi yake iprintiwe anaeza kuzifungua kwa laptop yake akiwa amekaa kwa benchi, na kuzifuta pia. Uganda tuko na sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, na inamhusu kila anayekusanya data za watu, siyo kampuni kubwa peke yake. Hata bila sheria, mteja alikupa kitambulisho chake akikuamini. Kwa hiyo chukua dakika tano uweke ruhusa sawa sawa:

```
icacls D:\Kazi /inheritance:r /grant:r "Administrators:(OI)(CI)F" "SYSTEM:(OI)(CI)F" "wadizaina:(OI)(CI)M" "kaunta:(OI)(CI)RX"
```

Ni mstari mmoja mrefu, upesti wote pamoja. Maana yake ni hivi: `/inheritance:r` inatoa ruhusa zote za kurithi kutoka D: alafu tunaanza upya na tunaowataka peke yao. F ni kila kitu, M ni kusoma, kuandika na kufuta, RX ni kusoma na kufungua. OI na CI zinafanya ruhusa ishuke kwa mafaili na folda zote zitakazotengenezwa ndani, ukizisahau folda ya juu itafungua lakini za ndani zitawakatalia watu. Usiondoe SYSTEM, tutaihitaji chini kwa nakala.

Ukitaka kuangalia zote mbili ziko aje:

```
net share Kazi
icacls D:\Kazi
```

Kitu cha mwisho kwa seva ni ukuta wa moto (firewall). Fungua poti 445, mlango ambao folda za kushea zinapitia, kwa netiwaki ya ndani tu, hakuna sababu ya kuzima ukuta wote kama wengine wanavyofanya:

```
netsh advfirewall firewall add rule name="Folda ya ofisi" dir=in action=allow protocol=TCP localport=445 remoteip=localsubnet profile=private
```

Na kwa PowerShell (dirisha lingine la komandi la Windows), bado kama administrator, iambie Windows kwamba hii ni netiwaki ya kwenu, maana ikiwa bado inaiita ya umma hiyo sheria haitashika:

```
Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private
```

Windows hizi za kawaida, zisizo Server, zinakubali mashine 20 zikiunganika kwa wakati mmoja. Kwa duka inatosha kabisa, kwa maabara ya shule yenye kompyuta arobaini haitoshi, hapo nenda moja kwa moja kwa Ubuntu chini.

Kuunganisha mashine zingine

Kabla ya kitu chochote pima kama mashine inaona seva. Fungua PowerShell kwa mashine ya dizaina:

```
Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445
```

Ukiona TcpTestSucceeded ni True, endelea. Ikiwa False, paswadi na ruhusa achana nazo kwanza, shida iko njiani: ukuta wa moto, kebo, ama wifi. Raota zingine na vile vi-MiFi vidogo vinatenganisha mashine za wifi, zote zinapata intaneti lakini hazionani, na wifi ya wageni karibu zote ziko hivyo. Ingia kwa seti za raota uondoe hiyo ama uhamie wifi kuu.

Alafu fungua Command Prompt ya kawaida, usiifungue kama administrator. Hii naisisitiza kwa sababu ukimapu drive (kuipa folda ya seva herufi kama K:) ndani ya dirisha la administrator, komandi itasema imefaulu na drive haitaonekana kwa yuza wa kawaida, na utarudia rudia ukidhani imekosea.

```
cmdkey /add:192.168.1.10 /user:SEVA\dizaina1 /pass
net use K: \\192.168.1.10\Kazi /persistent:yes
```

Ya kwanza inauliza paswadi na kuihifadhi, ya pili inatengeneza drive K: itakayorudi kila ukiwasha. Bila `cmdkey` drive itarudi lakini kila asubuhi itauliza paswadi. Ukihifadhi kwa IP basi na `net use` tumia IP, ukihifadhi kwa jina SEVA basi tumia jina, zikitofautiana Windows inaona ni seva mbili tofauti na paswadi haitashika. Na andika jina la seva mbele ya yuza, `SEVA\dizaina1`, haswa kwa mashine ambazo mtu ameingia na akaunti yake ya Microsoft, ukiacha inaeza kujaribu kuingia na akaunti ile.

Sasa jaribu kwa ukweli: kwa dizaina1 tengeneza faili ndani ya K: alafu uifute. Kwa mashine ya kaunta jaribu hiyo hiyo, na ikatae. Kaunta akifanikiwa kufuta, rudi kwa ruhusa kabla ya kuweka kazi ya mteja hata moja.

Kama seva ni Ubuntu

Hii ndiyo napenda zaidi kwa ofisi, mashine ya zamani isiyoweza tena Windows 11 inakuwa seva nzuri kabisa, hailipiwi leseni, na iko na kitu kimoja ambacho Windows ya kawaida haina, nitakionyesha. Programu inaitwa Samba, iliandikwa na Andrew Tridgell kule Australia kuanzia mwisho wa 1991, inafanya mashine za Unix na Linux ziongee lugha ya kushea ya Windows, na mpaka leo inafanya hivyo vizuri sana.

```
sudo apt update
sudo apt install samba smbclient
sudo groupadd ofisi
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G ofisi dizaina1
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G ofisi kaunta
sudo smbpasswd -a dizaina1
sudo smbpasswd -a kaunta
sudo mkdir -p /srv/kazi
sudo chown root:ofisi /srv/kazi
sudo chmod 2770 /srv/kazi
```

Samba iko na kitabu chake cha paswadi, tofauti na ya kuingilia Ubuntu, ndiyo maana ya `smbpasswd`. Yuza lazima awe kwa Linux kwanza alafu umuongeze kwa Samba, dizaina2 na wengine unawaongeza vile vile. Ile 2 mbele ya 770 ni ya maana sana: inafanya kila faili mpya ndani ya folda iwe ya kundi la ofisi, siyo ya aliyeitengeneza peke yake. Ukiandika 770 bila 2, faili ya dizaina1 inaeza kubaki yake na dizaina2 hataweza kuirekebisha.

Kopi faili ya seti kwanza, alafu uifungue:

```
sudo cp /etc/samba/smb.conf /etc/samba/smb.conf.zamani
sudo nano /etc/samba/smb.conf
```

Shuka mpaka mwisho uongeze:

```
[kazi]
   path = /srv/kazi
   valid users = @ofisi
   read only = no
   read list = kaunta
   force group = ofisi
   create mask = 0660
   directory mask = 2770
   vfs objects = recycle
   recycle:repository = .takataka/%U
   recycle:directory_mode = 0770
   recycle:keeptree = yes
   recycle:versions = yes
   recycle:touch_mtime = yes
```

Kundi lote la ofisi linaingia, lakini aliye kwa `read list` anasoma tu. Mistari ya recycle ndiyo ile nilisema. Faili ikifutwa kupitia folda ya kushea haiendi kwa Recycle Bin ya mtu yeyote, inapotea moja kwa moja, na hii inashtua watu kwa sababu wamezoea kuokota vitu kule. Kwa hiyo mistari Samba inabeba kila kinachofutwa hadi folda iliyofichwa ya `.takataka`, kila yuza na sehemu yake, kwa hiyo unaona hata nani alifuta. Kadi za harusi zikifutwa Ijumaa na harusi ni Jumamosi, unazirudisha kwa `mv` moja.

Takataka isipofagiliwa inajaza disk, kwa hiyo mara kwa mara:

```
sudo find /srv/kazi/.takataka -type f -mtime +30 -delete
```

Hii inafuta zilizokaa zaidi ya siku 30, na inafanya hesabu sawa kwa sababu tuliweka `touch_mtime`. Bila huo mstari faili inabaki na tarehe yake ya zamani, yaani kalenda ya mwaka jana iliyofutwa leo mchana ingeondolewa usiku huu huu.

Pima maandishi yako, washa upya, fungua poti:

```
testparm -s
sudo systemctl restart smbd
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp
```

`testparm` ikilalamika mstari fulani usiendelee, mara nyingi ni herufi imekosewa. Alafu jaribu ukiwa hapo hapo kwa seva:

```
smbclient //192.168.1.10/kazi -U dizaina1 -c 'put /etc/hostname jaribu.txt; ls; del jaribu.txt'
smbclient //192.168.1.10/kazi -U kaunta -c 'put /etc/hostname jaribu.txt'
```

Ya kwanza ipite, ya pili ijibu NT_STATUS_ACCESS_DENIED. Hiyo ndiyo unaitaka. Mashine za Windows zinaunganika na hii seva kwa `cmdkey` na `net use` zile zile za juu, jina la seva tu ndilo unabadilisha liwe la hiyo mashine ya Ubuntu.

Kama mashine ya mtumiaji nayo ni Ubuntu, weka `cifs-utils`, tengeneza `/mnt/kazi`, alafu andika faili `/root/.smb-kazi` yenye mistari miwili, `username=dizaina1` na `password=` paswadi yake, uifunge na `sudo chmod 600 /root/.smb-kazi` ili mwingine asiisome. Kisha kwa `/etc/fstab`:

```
//192.168.1.10/kazi /mnt/kazi cifs credentials=/root/.smb-kazi,uid=1000,gid=1000,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0
```

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl restart remote-fs.target
```

`nofail` na `x-systemd.automount` usiziache. Umeme ukirudi mashine zote zinawaka pamoja na saa ingine seva ndiyo ya mwisho kuamka. Bila hizo mbili mashine ya dizaina inaeza kukwama ikiwaka, ikingoja folda ambayo haijafika. Ukiwa nazo inawaka vizuri na kuunganika pale mtu anapofungua folda.

Ikikataa, soma namba

Windows ikikupa namba, inakuambia shida iko wapi. Error 53 ni seva haionekani kabisa, rudi kwa kebo, IP na ukuta wa moto. Error 67 ni seva imeonekana lakini jina la share umelikosea. Error 5 ni umefika na ruhusa imekataa, nenda kwa `icacls`. Error 86 ama 1326 ni paswadi ama jina la yuza. Error 1219 ni ile inachanganya sana, maana yake mashine yako tayari imeunganika na seva hiyo ukiwa yuza mwingine, na Windows haikubali mtu mmoja aingie seva moja kwa majina mawili. Ondoa zote uanze upya, lakini funga mafaili yaliyo wazi kwanza:

```
net use * /delete
```

Kwa Linux, mount error 13 ni paswadi ama ruhusa, 2 ni jina la share halipo. Error 112 inasema seva imelala wakati unaiona iko hai mbele yako, na kawaida ni kwamba mashine mbili hazijakubaliana toleo la SMB, ile lugha ya kushea ya Windows.

Na hapo kwa toleo, mtu atakushauri uwashe SMB1, toleo la zamani kabisa, ili mambo yaende. Usikubali. Ndiyo njia virusi ya WannaCry ilipitia Mei 2017, ikafunga mafaili ya hospitali za Uingereza na ofisi za nchi nyingi, na ilikuwa inaruka mashine hadi mashine ndani ya netiwaki bila mtu kubofya chochote. Kwa seva ya Windows hakikisha imezimwa, kwa PowerShell ya administrator:

```
Set-SmbServerConfiguration -EnableSMB1Protocol $false
```

Mara nyingi anayeililia SMB1 ni mashine ya zamani ya fotokopi inayotuma skani kwa folda. Hiyo skani kwa flashi yake yenyewe, ama kwa imeili, usifungue ofisi nzima kwa ajili yake. Na kama folda yenu ya zamani ilikuwa inafungua bila paswadi alafu ikakataa baada ya kompyuta kuapdeti, ni kwamba Windows 11 Pro ya 24H2 haikubali tena kuingia seva kama mgeni. Dawa ni yuza na paswadi kama tulivyofanya hapa.

Nakala, na mtu akiondoka

Sasa kazi zote ziko kwa disk moja, na disk ikifa zimeenda zote. Weka disk ya pili ya nje, hapa ni E:, alafu uiambie Windows ikopi kila jioni:

```
schtasks /create /tn "Nakala ya kazi" /tr "robocopy D:\Kazi E:\Nakala /E /R:1 /W:2" /sc daily /st 18:00 /ru SYSTEM
```

Zile R na W zisiachwe, robocopy kwa kawaida inarudia faili iliyoshindikana mara milioni moja na kupumzika sekunde 30 kila mara, itakwama kwa faili moja iliyo wazi mpaka asubuhi. Utaona watu wanaweka `/MIR`, mimi siiweki hapa, maana inafuta kwa nakala kila kilichofutwa kwa folda, na nakala unaiweka kwa ajili ya siku kama hiyo. Kwa Ubuntu `sudo rsync -a /srv/kazi/ /media/nakala/` inafanya kazi ile ile. Ukiweza, peleka disk nyumbani mwisho wa wiki na uache ingine ofisini, moto na wezi hawachagui.

Kabla ya kuzima seva angalia nani bado ameshika faili, kwa Windows ni `net session` na `net file`, kwa Ubuntu ni `sudo smbstatus`. Mwambie asevu na afunge kwanza.

Na mfanyakazi akiacha kazi, siku hiyo hiyo mfungie yuza yake. Hapa ndipo utashukuru kwamba kila mtu alikuwa na jina lake, sababu unamfunga mmoja na wengine hawaguswi, hakuna kubadilisha paswadi kwa mashine zote:

```
net user dizaina2 /active:no
```

Ama kwa Samba:

```
sudo smbpasswd -d dizaina2
```

Kufunga hakukati aliye ndani tayari, kwa hiyo angalia tena `net session` ama `smbstatus`, na kama bado yuko hapo, mkate kwa `net session \\IP-yake /delete`, ama kwa Ubuntu restati smbd watu wakishafunga mafaili yao.